Kabla ya Programu Kuna Jiwe

Kuna msemo umeenea sana kati yetu sisi tunaoandika programu, na leo nataka kuupinga wazi wazi. Msemo wenyewe ni huu: siku hizi kila kitu ni programu. Redio ni programu, kamera ni programu, benki ni programu, hata teksi ni programu. Ukiuliza habari za vifaa utaambiwa hivyo waachie Wachina, kazi yetu sisi ni kuandika apu. Mimi nakula kwa kuandika programu, kwa hiyo sina chuki na kazi hii. Lakini msemo huo si kweli, na ubaya wake ni kwamba unatufanya tuamue mambo makubwa ya nchi tukiwa tumeona nusu tu ya picha.

Nitatumia kifaa kimoja kutetea hoja yangu. Kifaa chenyewe unacho mfukoni sasa hivi, na huenda hujawahi kusikia jina lake.

Mwombe fundi yeyote wa simu pale Dagoretti Corner akufungulie simu iliyokufa. Karibu na antena, chini ya vile vibati vya kuzuia mawimbi, utaona vijisanduku vidogo kuliko punje ya mchele. Ndani ya vingi vyavyo kuna kipande cha fuwele kilichochorwa vistari vya aluminiamu. Hakina transista. Hakina kumbukumbu. Hakiombi umeme wa betri. Hata hivyo kinafanya hesabu ambazo zingeitoa jasho prosesa ya simu hiyo hiyo. Wataalamu hukiita SAW, yaani kifaa cha mawimbi ya sauti yanayotambaa juu ya uso wa kitu.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Kuna fuwele ambazo ukizibana hutoa umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha jambo hilo mwaka 1880. Kinyume chake pia ni kweli: ukizipa umeme, hujikunja. Mwaka 1885 Mwingereza Lord Rayleigh akaonyesha kwa hesabu kwamba kuna mawimbi yanayoweza kutambaa juu ya uso wa kitu kigumu bila kuzama ndani. Mawimbi ya aina hiyo ndiyo hutikisa nyumba wakati wa tetemeko la ardhi. Mambo hayo mawili yalikaa mbalimbali kwa miaka 80. Mwaka 1965, R. M. White na F. W. Voltmer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliyaunganisha kwa njia rahisi ajabu: walichora juu ya fuwele vitana viwili vya chuma, meno ya kimoja yakiingia kati ya meno ya kingine. Ukitia umeme wa redio kwenye vitana hivyo, uso wa fuwele unatetemeka, na tetemeko dogo linaanza safari. Upande wa pili kuna vitana vingine vinavyoligeuza tetemeko hilo kuwa umeme tena.

Sasa utauliza, faida iko wapi kuugeuza umeme kuwa tetemeko halafu kuurudisha kuwa umeme? Faida ni mwendo. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Juu ya fuwele ya lithiamu niobati, tetemeko huenda karibu mita 3,500 tu kwa sekunde. Ni polepole zaidi ya mara 80,000. Ukitaka kuyachelewesha mawimbi ya redio kwa mikrosekunde 1 hewani, unahitaji umbali wa mita 300, yaani mwendo wa dakika tatu au nne kwa miguu kando ya Barabara ya Ngong. Juu ya fuwele unahitaji milimita 3.5. Wimbi la simu la MHz 900, ambalo hewani lina urefu wa sentimita 33, juu ya jiwe linabaki mikromita 4 hivi. Kitu kilichokuwa kikubwa na chenye haraka kimekuwa kidogo na mtulivu, na kitu kidogo na mtulivu kinaweza kushikwa na kupimwa.

Wenzangu waandishi wa programu, hapa ndipo nataka mtulie. Kama umewahi kuandika kichujio cha dijitali, kazi yake unaijua: unachukua sampuli ya sasa na sampuli zilizopita, kila moja unaizidisha kwa namba yake, kisha unajumlisha zote. Ukimaliza, unasogea hatua moja na kuanza tena. Ni kitanzi cha mistari mitatu. Sasa tazama fuwele. Sampuli zilizopita ni mawimbi ambayo bado yako njiani juu ya jiwe. Namba za kuzidishia ni urefu ambao meno mawili jirani yamepishana. Ukitaka namba kubwa unachora mpishano mrefu, ukitaka ndogo unachora mfupi. Kujumlisha kunafanywa na ule mstari wa chuma unaoyaunganisha meno yote. Kitanzi chako chote kimechorwa juu ya jiwe, na kinaendeshwa na maumbile yenyewe.

Tupige hesabu. Chukua kichujio chenye namba 100, na mawimbi yanayopimwa mara milioni 100 kwa sekunde. Hizo ni zidisho bilioni 10 kila sekunde. Pentium ya kwanza, ya mwaka 1993, ilipiga mizunguko milioni 60 kwa sekunde. Wakati huo runinga nyingi za rangi duniani zilikuwa tayari zina fuwele ya namna hii ndani yake, na hakuna mtu aliyeiita kompyuta.

Runinga ni mfano mzuri kwa sababu wengi wetu tulikua nazo. Katika mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia Kenya, picha na sauti zilitengana kwa MHz 5.5 tu, na stesheni jirani ilikuwa mlangoni. Kabla ya SAW, kazi ya kuzitenganisha ilifanywa na koili kadhaa ambazo ilibidi kila moja irekebishwe kwa mkono. Fundi alitumia bisibisi ya plastiki, kwa sababu ya chuma ingeharibu kipimo. Kifaa cha SAW kilipoingia, marekebisho hayo yalikwisha, kwani umbo la kichujio lilikuwa limekwisha kuchorwa kiwandani.

Kuna hata wanaotumia mawimbi haya kufanya kazi ya kuchambua masafa, ile ambayo sisi huifanya kwa FFT. Chombo cha anga cha Ulaya kiitwacho Rosetta, kilichoifikia nyotamkia 67P mwaka 2014, kilibeba kipimo cha MIRO ambacho kilichambua masafa kwa fuwele za SAW. Katika safari ya namna hiyo kila wati ya umeme ina thamani, na jiwe lilifanya hesabu kwa umeme kidogo.

Najua kuna msomaji atakayeniambia: hayo ni ya zamani, prosesa za leo zina nguvu, acha dijitali ifanye kazi. Hoja hii ina uzito, na katika runinga ilishinda kweli. Kenya ilipohamia dijitali, katika zile vurugu za mwanzo wa 2015 stesheni kubwa zilipotoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili, runinga duniani zilikuwa tayari zinaanza kupoteza ile fuwele ya zamani. Chipu ndogo ikachukua kazi yake, hesabu zikahamia kwenye programu. Sitetei jiwe kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya kale. Panapofaa programu, iwekwe programu.

Lakini tazama kilichotokea kwenye simu wakati huo huo. Badala ya vichujio kupungua, viliongezeka. Simu za mwanzo zilikuwa na vichache. Simu ya 4G au 5G ya leo ina makumi, vingi vikiwa vya SAW na vingine vya jamaa yake ambaye tetemeko hupita ndani ya fuwele badala ya juu. Kwa nini, ikiwa prosesa zina nguvu kiasi hicho?

Jibu ni hili. Katika bendi ya 900, simu hutuma kati ya MHz 880 na 915, na husikiliza kati ya MHz 925 na 960. Kati ya mdomo na sikio pana uwazi wa MHz 10 tu. Simu inayotumia 4G katika bendi hiyo hutuma na kusikiliza kwa wakati mmoja, kwa antena moja. Ikituma kwa nguvu inafika wati 0.2. Inachosikiliza, ukiwa mbali na mnara, kinaweza kuwa sehemu moja ya trilioni kumi ya wati. Ni kama kujaribu kusikia mnong'ono wa mtu aliye Karen huku wewe mwenyewe unapiga kelele kwenye matatu yenye muziki. Kabla programu haijafanya lolote, umeme huo lazima upite kwenye kikuza sauti na kwenye kipimo kinachougeuza kuwa namba. Kelele zako zikiingia humo zinakijaza mpaka juu, na ule mnong'ono haupati hata tarakimu moja. Hapo hata uwe na prosesa ya nguvu gani, huna cha kukokotoa. Programu haiwezi kurudisha kilichopotea kabla ya kuifikia. Ndiyo maana lazima jiwe lisimame mlangoni.

Mafundi wetu wanajua jambo hili kwa mikono hata kama hawalijui kwa hesabu. Kichujio kikifa, simu hukosa mtandao. Kipuri kikikosekana, wapo wanaoruka kile kichujio kwa waya mwembamba, wakaunganisha pembeni moja kwa moja na nyingine. Simu inashika mtandao, mteja analipa, anaondoka akifurahi. Karibu na mnara wa hapo njiapanda itafanya kazi vizuri. Siku akienda mahali mnara wake uko mbali na mawimbi ya wengine yamejaa, simu inaanza kukatika, naye anailaumu kampuni ya simu. Simwoni fundi huyo kuwa mjinga. Ameokoa simu kwa shilingi chache. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemweleza lile jiwe lilikuwa linafanya nini, na sisi tuliokwenda vyuoni hatukumweleza kwa sababu wengi wetu hatujui.

Dagoretti Corner ina mfano mwingine unaopita juu ya vichwa vyetu. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako hapo, kando ya Barabara ya Ngong, na kituo hicho kimo katika orodha ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa namba 63741. Kwa miaka mingi kimekuwa kikirusha maputo yenye vipimo. Saa za kimataifa za kazi hiyo, kwa saa zetu, ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Puto hubeba kisanduku chepesi kinachopima joto, unyevu na shinikizo la hewa hadi kilomita 30 hivi juu. Visanduku vya kisasa hujua mahali vilipo kwa GPS, na hutuma habari chini kwenye masafa ya kati ya MHz 400 na 406. Nguvu ya kutuma ni chini ya wati 0.1, yaani nusu ya simu yako.

Mimi niliwahi kujaribu kusikiliza kisanduku hicho. Kuna kile kidude cha USB cha bei nafuu, kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama runinga kwenye kompyuta, ambacho watundu waligundua kuwa kinaweza kupokea karibu redio yoyote. Programu za kufasiri mawimbi ya maputo zipo bure kwenye intaneti. Nikiwa upande wa Barabara ya Naivasha, mwanzoni nilipata sauti vizuri puto likiwa karibu, kisha likazama kwenye kelele lilipokwenda mbali. Kidude kile hupima kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu, na Nairobi imejaa stesheni za FM na minara ya simu inayokijaza. Niliongeza kichujio cha SAW cha masafa hayo kati ya antena na kidude, pamoja na kikuza sauti kidogo. Sikubadilisha hata mstari mmoja wa programu. Puto likasikika kwa muda mrefu zaidi. Kama kuna kijana anayetaka kuelewa makala hii yote kwa mchana mmoja, afanye jaribio hilo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Barabara hiyo hiyo ya Ngong ndiyo iliyokuwa makao ya kwanza ya iHub, iliyofunguliwa 2010, miaka mitatu baada ya M-Pesa kuanza. Tumejivunia jina la Savana ya Silikoni, na tuna haki. Lakini karibu yote tuliyojenga ni programu. Siku hizi serikali inazungumza kuhusu chipu pia. Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington, Marekani ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya katika sekta hiyo kupitia mfuko uliotokana na sheria ya CHIPS ya 2022. Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna Semiconductor Technologies Limited. Hayo ni mambo ya kutia moyo. Ninachoogopa ni mazungumzo ya mitaani na mikutanoni, ambapo neno chipu lina maana moja tu: prosesa ya akili bandia, ya nanomita chache. Kiwanda cha namna hiyo hugharimu mabilioni mengi ya dola. Tukiweka shabaha hapo tutapiga picha, tutakata utepe, na tutarudi kuandika apu.

Maoni yangu ni kwamba tuanze na jiwe. Kichujio cha SAW cha kawaida kinahitaji tabaka moja kuu la chuma juu ya fuwele, si makumi ya matabaka. Chukua kile kifaa cha kwatzi cha MHz 433 kilichomo kwenye rimoti nyingi za mageti ya nyumba za kupanga: meno yake yana upana wa karibu mikromita 2. Huo ni upana ambao viwanda vya chipu duniani vilikuwa vimeuzoea mapema miaka ya 1980. Maabara ya chuo kikuu inaweza kuufikia. Na hesabu ya kubuni meno hayo ni ile ile ya kichujio cha dijitali ambayo vijana wetu wanaifanya kwa Python. Yaani mwandishi wa programu anaweza kuvuka daraja hili kwa miguu.

Kuna pingamizi la kweli hapa, nalo ni biashara. Vichujio vya simu hutengenezwa kwa mabilioni na kampuni kama Murata, Qualcomm na Skyworks, na kimoja huuzwa kwa senti chache za dola. Huko hatuwezi kushindana, na asijidanganye mtu. Lakini vifaa hivi vina kazi nyingine. Tetemeko juu ya fuwele hubadilika kidogo fuwele ikipata joto, shinikizo au unyevu. Ukiunganisha fuwele na antena, unaweza kuitumia mpigo wa redio kutoka mbali. Jiwe linaushika kwa mikrosekunde chache, kisha linarudisha mwangwi wenye habari ya joto lake. Hakuna betri wala waya. Vipimo vya namna hii tayari huuzwa kwa ajili ya kuangalia maungio ya stima ya nguvu kubwa, mahali ambapo kupitisha waya ni kujitafutia kifo. Fuwele iitwayo langasiti huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 600. Nchi yenye mabomba ya mvuke ya Olkaria, vituo vya stima kila kaunti na viwanda vya chai vinavyotegemea kipimo cha unyevu haikosi mahali pa kuviweka. Hata kupima unyevu angani kwa SAW kulikwisha kujaribiwa na maabara ya JPL ya NASA katika miaka ya 1990. Soko hilo ni dogo mno kwa mabingwa wa simu kulihangaikia, na kwa sababu hiyo linatufaa.

Na hata kama hatutauza kifaa kimoja, tutakuwa tumepata watu. Mhandisi aliyewahi kuchora meno, akayamwagia aluminiamu, akayapima na kuona hesabu yake ikitoka upande wa pili, hatadanganywa na mtu anayemwuzia mtambo kwa maneno matamu. Mwandishi wa programu anayejua kilichotokea kabla ya namba kumfikia atajua kwa nini ramani ya apu yake inamtupa mteja mtaa wa pili, na hatapoteza wiki nzima akitafuta kosa ndani ya programu wakati liko kwenye antena.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili tu. Walimu wa vyuo wanaofundisha vichujio vya dijitali waweke saa mbili za fuwele katika muhula, pamoja na kile kidude cha USB na puto la Dagoretti Corner kama zoezi. Na wanaopanga mambo ya chipu waulize swali moja kabla ya kukimbilia nanomita: ni kifaa gani tunaweza kukitengeneza wenyewe, kuanzia hesabu hadi jiwe, kwa mashine ambazo chuo kimoja kinaweza kununua?

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Apu zetu zinaelea vizuri, na chini yake kuna jiwe lililoundwa na wengine. Haya, kwa leo niishie hapo. Anayeona nimepotoka aje na hoja, tujadiliane.